Mji Uliohamwa Ukahamiwa: Mhadhara Juu ya Alghero

Ndugu zangu, hamjambo? Asanteni kwa kuja. Mliosimama kule nyuma, huku mbele pana viti, na wala sitamuuliza mtu swali.

Niliombwa nizungumze juu ya Barcelona, nikakataa. Barcelona hata mtoto wa darasa la tano anaijua, kwa mpira. Leo nawapeleka mahali ambapo Kikatalani, lugha ya hao watu wa Barcelona, kilitua zamani kikabaki huko huko ugenini: Alghero, pwani ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Sardinia, nchini Italia. Ni mji wa watu 40,000 na ushei, na wazee wake wanauita L'Alguer.

Ukiingia mji mkongwe kwa upande wa mnara wa Porta Terra, lango la zamani la upande wa bara, usikimbilie baharini. Inua macho kwenye kona, usome vibao. Njia hiyo hiyo ina majina mawili: la Kiitaliano linaanza na via, la Kikatalani linaanza na carrer. Sheria ya Italia namba 482 ya mwaka 1999 inakitaja Kikatalani miongoni mwa lugha za wachache zinazolindwa. Ila kibao hakiongei. Kuisikia lugha yenyewe inabidi ukae karibu na wazee, maana vijana wengi Kiitaliano kimewameza.

Na Kikatalani chao kimepinda kidogo. L au D ikikaa kati ya irabu hugeuka R. Vila, yaani mji, inakuwa vira. Lakabu ya mji ni Barceloneta, Barcelona ndogo. Wao husema Barceruneta. Naona mnacheka! Sisi tunaowacheka wenzetu wakienda "kupiga kula" siku ya uchaguzi, Alghero tungeucheka mji mzima.

Sasa, lugha hiyo ilifikaje huko? Hapa ndipo waongoza watalii wengi wanapopita mbio, na mimi ndipo ninapotaka tukae.

Mji uliasisiwa na ukoo wa Doria, Wagenoa, yaani watu wa Genoa huko Italia. Agosti 1353, manowari za Taji la Aragon, dola iliyoziunganisha Aragon na Catalonia yenye Barcelona, zikisaidiwa na Wavenisi, watu wa Venisi, ziliwashinda Wagenoa kwenye ghuba ya Porto Conte, hapo jirani. Alghero ikasalimu amri, kisha ikaasi. Mwaka uliofuata mfalme wa Aragon, Pere wa Nne, akaja mwenyewe na jeshi lake, akauzingira mji miezi kadhaa, malaria ikiwapukutisha askari kambini. Mwisho mji ukakabidhiwa kwa mapatano. Wenyeji wakaondolewa, na nyumba zao wakapewa walowezi wa Kikatalani. Fikirini jambo hilo: jiko lina masizi ya mwenzio, kisima kachimba mwenzio, wewe unaingia na ufunguo. Husimuliwa pia kwamba Wasardinia walioruhusiwa kuingia mchana walitakiwa watoke jioni, tarumbeta ikipigwa.

Simlaumu Mualghero wa leo. Yeye kazaliwa pale, na babu wa babu yake. Ila mgeni anayeusifia "urithi wa Kikatalani" akiwa na aiskrimu mkononi, ni vizuri ajue urithi huo ulianza kwa watu kutolewa majumbani mwao.

Mwaka 1541 Kaisari Karolo wa Tano, aliyekuwa pia mfalme wa Hispania, alipita hapo akielekea kuishambulia Algiers. Inasemekana alitokeza dirishani akawatangaza wote waliosimama chini kuwa waungwana. Uungwana wa bei rahisi namna hiyo mimi sijauona kwingine.

Mwaka 1720 Sardinia ikaingia mikononi mwa watawala wa Savoy, na kuanzia hapo Alghero na Barcelona zikapeana kisogo. Walikuja kukumbukana rasmi mwaka 1960, meli ilipoleta wasafiri kutoka Barcelona, mji ukateremka bandarini kuwalaki. Safari ile inaitwa Retrobament, kuonana tena. Kumbukeni kwamba wakati huo dikteta Franco alikuwa amekibana Kikatalani kwao Hispania. Wageni wale walikuta lugha yao ikisemwa nchi ya watu. Na uhusiano huo haujawa wa ngoma na nyimbo tu. Septemba 2021 Carles Puigdemont, rais wa zamani wa serikali ya Catalonia aliyekuwa akitafutwa na Hispania, alikuja Alghero kwenye tamasha la utamaduni wa Kikatalani, polisi wa Italia wakamkamata alipotua. Kesho yake akaachiwa.

Kuna mwenzetu ameniuliza mlangoni, anunue nini huko. Marijani, kama mfuko unaruhusu. Ile nyekundu hasa, ambayo bibi zetu waliivaa shanga. Tawi lake limo hata kwenye nembo ya mji. Zamani waliivuna kwa kuburura msalaba wa mbao wenye nyavu, ukivunja kila kitu chini ya bahari; siku hizi huteremka wapiga mbizi wenye leseni. Kwa chakula, agiza kamba koche wa Kikatalani: huchemshwa, akaliwa na nyanya mbichi na vitunguu, mafuta ya zeituni na limau. Kachumbari, jamani! Sema kachumbari ya bei ya kukufilisi.

Mwisho ni pango la Neptune, chini ya jabali la Capo Caccia. Bahari ikitulia unakwenda kwa boti. Mimi nilishuka kwa Escala del Cabirol, ngazi ya paa. Paa mnyama, si paa la nyumba. Zimechongwa ubavuni mwa jabali, zaidi ya vidato 650. Kushuka nilivihesabu. Kupanda sikuhesabu kitu.

Haya, kijana, zima taa. Picha ya kwanza ni ile ya kibao.