Bushi Mpya Isife Mapema: Kuchagua Spea za Miguu ya Gari la Zamani

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, habari za jioni. Tunazungumzia miguu ya gari, yaani mfumo unaoshika matairi na kupunguza mitikisiko, na mfano wetu ni Toyota Corolla 110. Mbele ina shokapu iliyosimama ndani ya springi; chini kuna wishiboni, mkono wa chuma unaoshika tairi, yenye bushi mbili (viungo vya raba) na boljointi moja, kiungo kinachogeuka kila upande.

Lalamiko tunalolisikia kila siku ni hili: bushi mpya, miezi michache, imechanika. Spea inalaumiwa. Lakini tazameni bushi hii niliyoikata katikati. Raba imeshikamana na chuma cha ndani na cha nje, haizunguki. Wishiboni ikipanda na kushuka, raba inajinyonga na kurudi. Sasa fundi akikaza bolti mguu ukining'inia kwenye jeki, gari likishuka chini raba imeshanyongwa, na hubaki hivyo hata gari likiwa limeegeshwa. Lazima ichanike! Kwa hiyo ingiza bolti, zikaze nusu, funga tairi, shusha gari, litikise mara kadhaa likae mkao wake, ndipo umalizie kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo.

Na kabla ya kununua, pangusa wishiboni ya zamani uone kama ina oili. Oili ya injini huvimbisha raba na kuilainisha. Ziba kwanza panapovuja, la sivyo hata bushi ya bei kali itakufa.

Wengi huuliza kuhusu bushi za poliyurethani. Zinavumilia oili, kweli, lakini nyingi huzunguka juu ya chuma chake, kwa hiyo zinataka grisi ya silikoni. Kwenye vumbi, mchanga ukiingia humo zinalia na kulika, na mtikisiko wote unafika kwenye usukani. Kwa gari la familia mimi nasema raba.

Boljointi mpya iwe ngumu kuzungusha kwa mkono, isiwe na mchezo, yaani isilegee, na kava lake la raba lisiwe na ufa. Maji yakipita hapo, grisi inasombwa na kutu inaanza. Chapa kama 555 kwa boljointi au KYB kwa shokapu zina jina, na penye jina bandia hazikosi. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa.

Shokapu nunua mbili, kushoto na kulia, na usinunue zilizotumika, maana sili yake, raba inayozuia oili isivuje, huijui imebakiza nini. Nunua pamoja na kava la vumbi na raba ya kuzuia isigote. Kabla ya kufunga, isimamishe wima, ivute na kuikandamiza taratibu mara nne au tano hewa itoke. Usiubane mti wake, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, kwa plaizi: mkwaruzo mmoja tu utaikata sili, na oili itavuja.

Maunti ya juu, kishikio kinachofunga shokapu kwenye bodi, tusiisahau. Mwenye gari azungushe usukani, wewe shika springi kwa mkono. Ikirukaruka badala ya kwenda laini, beringi ya maunti imekwama. Ibadilishe hapo hapo wakati shokapu iko nje, usije ukafungua kazi ile ile mara mbili. Ukimaliza, peleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa matairi, siku hiyo hiyo.

Karibuni mbele muishike hii bushi, kisha tuingie kwenye maswali.