Msiwazimie vijana muziki kabla hamjausikiliza

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari zenu. Jambo langu mnalijua, hapa Mtwara nimeshalisema mpaka watu wakiniona wanasema huyo kaja tena na singeli yake, ule muziki wa vijana wa spidi. Ndiyo, nimekuja nayo, maana bado hatujasikilizana.

Juzi nimekaa na bodaboda kijiweni kule Magomeni, wamefungulia singeli, spidi ile ile mnayoijua, akapita mzee akafoka zimeni makelele hayo! Wakazima. Nikamuuliza dogo mmoja, kwani jamaa alikuwa anaimba nini? Akanitajia yote bila kukosea, mwenye nyumba anadai kodi, mama anaumwa, mgambo kabeba mzigo. Sasa mzee wangu nakuuliza, huyo kijana alikuambia lini habari ya kodi yake? Hajakuambia, na kwenye mkutano wa mtaa akisimama anaambiwa kaa chini we mtoto, kwa hiyo anamwachia mwenzie amuimbie, na wewe hata huko unamzima.

Na singeli yenyewe imelelewa uswahilini Dar, Manzese, Tandale, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, mitaa iliyojaa watoto wetu sisi. Si neno machinga limetoka hukuhuku Lindi? Vijana wa Kusini wamezunguka Dar na bidhaa mkononi mpaka jina la kabila likawa jina la kazi, halafu muziki wa mitaa wanayokaa tunaukana.

Mama pale anatikisa kichwa, najua, matusi. Yapo, sibishi, na mimi nina mabinti. Lakini nyimbo za unyago huku kwetu zina maneno gani jamani? Tukemee tusi, mtoto tusimzibe mdomo.

Na muziki wa vijana si wa kupuuzwa. Mwaka 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake wa Wapo, Basata, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia, haikupita muda Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Sugu katoka kwenye rap akaingia bungeni 2010, Profesa Jay 2015. Na Senegal 2011 marapa wa kundi la Keur Gui walikuwemo kwenye kuanzisha Y'en a Marre, vuguvugu la vijana, maana yake tumechoka, wakahimiza vijana wajiandikishe kupiga kura, ile nayo ina mengi ila naona naonyeshwa saa.

Basi ombi langu ni kwa watu wa redio za hapa, toeni saa moja tu kwa wiki, watoto wa Mtwara na Lindi waimbe bei ya korosho, waimbe gesi, waimbe ajira, wakiwa hapahapa kwao, wasisubiri mpaka wapande basi la Dar. Na wenyeviti wa mitaa siku hiyo muwashe redio.