Sitini na sita: mhadhara juu ya meno ya bandia yanayokaa na kudumu

(Mazungumzo ya fundi sanifu wa meno katika mkutano wa wastaafu, Tanga)

Assalaam alaykum. Na kwa wengine, habari za asubuhi. Shikamooni wazee wangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuchagua meno ya bandia, yakae vizuri na yadumu. Kabla hata sijatua mkoba, mwalimu mmoja, yupo hapo mbele na simtaji, amenivuta pembeni: "Fundi, niambie ukweli, mazuri ni ya India au ya China?" Nimemwambia asubiri, jibu lipo, ila huenda asilipende.

Mimi si daktari. Daktari ndiye anayekutazama kinywani na kukuchukua kipimo. Mimi naletewa taya lako la plasta, nyuma ya mlango ambao wagonjwa hawaufungui. Huu ni mwaka wangu wa 26. Kuna watu humu ukumbini fizi zao nazijua siku nyingi, sura zao ndiyo naziona leo. (Kicheko.)

Nianze na mama yangu, Mungu amrehemu. Alitengenezewa seti nzima, juu na chini, kabla mimi sijaingia kazi hii. Meupe, yanapendeza. Akienda harusini anayavaa, anacheka, anapigwa picha. Pilau likiletwa anageuka upande, anayatoa, anayafunga kwenye pindo la kanga, anakula kwa fizi. Akishanawa anayarudisha. Sisi watoto tukaona ndiyo kawaida: meno ni ya picha, fizi ni za kula. Nilipokuja kuyashika mkononi, nishasomea kazi, kosa nililiona palepale. Bamba la chini, ule mwili wa rangi ya ufizi unaobeba meno, lilikuwa fupi, limeishia katikati ya ufizi, halikufika nyuma linakotakiwa kufika. Kila akitafuna linamchimba. Aliyeyatengeneza alichukua kipimo kimoja cha haraka, akayaleta yamekwisha. Na mama hakurudi kulalamika. Aliona haya, halafu alikuwa ameshalipa.

Sasa tazameni hivi vipande viwili vya kioo. Vikavu. Naviweka kimoja juu ya kingine, nainua cha juu: kimekuja chenyewe. Natia tone la maji katikati, nabana. Mwalimu, hebu njoo uvute. Vuta wima, usitelezeshe. Umeona? Vimegoma, na gundi hamna. Hicho ndicho kinachoshika meno ya juu. Kati ya bamba na kaakaa kuna utando wa mate, na ukingo wote kuzunguka umeziba hewa isiingie. Ndiyo maana bamba la juu linafunika kaakaa lote mpaka huko nyuma linakoanza kuwa laini. Wengi wanamwambia daktari, "Likate nyuma, linanitapisha." Ukilikata ovyo umefungulia hewa, na keshokutwa unarudi unasema yanadondoka. Kichefuchefu kile kwa watu wengi hupungua baada ya siku kadhaa. Kisipopungua, rudi lipunguzwe kwa kipimo, usichukue tupa nyumbani. Na kama unatumia dawa zinazokausha kinywa, baadhi ya dawa za presha zinafanya hivyo, mwambie daktari mapema, maana mate ndiyo gundi yako.

Chini ni habari nyingine. Chini kuna ulimi, kaakaa hakuna, na mahali pa kukalia ni kama nusu tu ya juu. Bamba la chini halinyonyi. Linakaa, likisaidiwa na mashavu na ulimi, kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi mwembamba. Fundi akikuahidi kwamba ya chini yatang'ang'ania kama ya juu, muogope. Wenye uwezo siku hizi huwekewa vipandikizi viwili vya titani, yaani skrubu ndogo, kwenye mfupa wa mbele, bamba likabofya juu yake kama kifungo cha kubana. Hapo tofauti ni kubwa kweli. Na bei nayo hivyohivyo.

Pitisheni hizi plasta mbili, kila mtu ashike. Ni taya la chini la mtu mmoja. Hii ya kwanza alipokuja, hii ya pili miaka 11 baadaye. Ya kwanza ina tuta la kuonekana, ya pili tuta limelala kama shamba baada ya masika. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika unakosa kazi, unaanza kuisha. Mwaka wa kwanza ndio wa kasi, kisha polepole maisha yote, na taya la chini huisha karibu mara nne kuliko la juu. Kwa hiyo ukitoka kung'oa leo, usipimwe kesho. Wiki 6 hadi 8, wengine miezi 3, fizi zipone kwanza. Yapo meno ya kuvaa siku ileile ya kung'oa, kwa mtu ambaye hawezi kukaa kibogoyo hata wiki moja, na simlaumu. Ajue tu kwamba hayo lazima yatandikwe upya kwa ndani mapema, yaani yaongezwe tabaka jipya upande wa fizi, kwa sababu fizi itayakimbia.

Sasa kuchagua. Mnadhani meno ya bandia yanachaguliwa dukani kama viatu. Yanachaguliwa siku moja tu, nayo ni siku ya kuyajaribu kwenye nta. Kazi ikienda inavyotakiwa, unakwenda kama mara tano: kipimo cha kwanza, kipimo cha pili kwa trei iliyotengenezwa kwa ajili ya taya lako wewe, siku ya kuuma nta, tujue mataya yako yanakutana wapi, siku ya kujaribu, siku ya kukabidhiwa. Baada ya hapo unarudi bamba lipunguzwe pale linapokutia vidonda. Akikuambia mtu "njoo Jumatatu upimwe, Jumatano uchukue", jua amekata siku ya nta. Na siku ya nta ndiyo siku yenye thamani kuliko zote, kwa sababu jino likiwa kwenye nta nalisogeza kwa kisu cha moto, dakika mbili. Likishapikwa kwenye akriliki, ile plastiki ngumu ya bamba, kulisogeza ni kuvunja.

Siku hiyo usikae kimya. Nenda na mkeo, mumeo, au binti yako asiyeogopa kukwambia ukweli. Msisimame kwenye taa ya kliniki, nendeni dirishani. Kisha sema. Hesabu kuanzia sitini hadi sabini na saba, kwa sauti. "Sitini na sita" ikitoka na mluzi, au ikitoka "shitini na shita", meno ya mbele hayajakaa mahali pake. Yakigongana ukisema "sabini na saba", yamewekwa marefu mno, na mtu wa meno marefu hachoki kugonga, anachoka mataya. Sema "fua", "vua": ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini kidogo tu, kama zinabisha hodi. Nanyi watu wa pwani mna bahati ya "thelathini" na "dhahabu". Ulimi ukikosa pa kutokea, utaisikia mwenyewe.

Rangi ndipo wagonjwa wanapotugombeza. Nilipata mzee mmoja kutoka Meru, meno ya chini anayo bado, ya kahawia, kwa floridi, madini yaliyo kwenye maji ya kule. Akataka ya juu meupe kama kikombe cha chai. Nikamtengenezea mawili kwenye nta, akajitazama, akanyamaza, akasema: "Nimekuwa kama nyumba iliyopakwa chokaa nusu." Tukachagua ya manjano kidogo, na moja nikaligeuza pembeni nywele moja, kama lilivyokuwa la kwake kwenye picha ya zamani. Mkewe alipomwona alilia. Leteni picha, wazee wangu. Picha mliyocheka.

Haya, mwalimu, jibu lako. Meno yanakuja maabara yamepangwa kwenye kadi, yametoka kiwandani, sita ya mbele, manane ya nyuma. India, China, Ujerumani, yote nimeyatumia. Ya akriliki yenye tabaka nyingi yanachelewa kulika, uliza hayo. Ya kauri ni magumu zaidi ila yanalia kinywani kama vikombe kwenye sinia, na yakikutana na meno yako ya asili yanayasaga. Lakini jino halijawahi kumwangusha mtu. Kinachomwangusha ni bamba, na bamba linatengenezwa hapa, juu ya taya lako, na mtu kama mimi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliapishwa mwaka 1789 amebakiwa na jino moja lake mwenyewe. Watu husema alivaa meno ya mbao, si kweli. Miongoni mwa aliyovaa kulikuwa na yaliyochongwa kwa meno ya kiboko, na yalikuwepo hata meno ya binadamu, yote yakisukumwa juu na chini kwa springi. Kiboko! Pesa ilikuwepo na mali ghafi ya kutosha, lakini alilalamika kwa barua kwamba yanamtunisha midomo. Mtazameni kwenye dola moja, mdomo ule umebana kitu.

Kudumu ni jambo hilihili, si la pili. Bamba la juu mara nyingi hupasuka katikati, baina ya meno mawili ya mbele. Mgonjwa anakuja na vipande viwili: "Fundi, nilikuwa nakula mkate tu." Namwamini. Mkate haukuvunja. Mfupa umepungua pembeni, katikati ya kaakaa bado ni pagumu, sasa bamba linapembea juu ya kaakaa kama ubao wa pembea, na kila ukitafuna linapinda kidogo. Waya ukiukunja na kuukunjua mara nyingi hukatika wenyewe. Bamba ndivyo hivyo. Kwa hiyo lililoanza kucheza limeshaanza kuvunjika. Nenda likatandikwe ndani kabla halijakatika, ni gharama ndogo kuliko seti mpya. Seti nzuri itakupeleka miaka 5 hadi 10, ikiangaliwa kila mwaka. Na lile la kuunga kwa supagluu, naomba tuachane nalo. Likiungwa limekosea unywele mmoja, mimi siwezi tena kulikutanisha.

Sababu nyingine ya kuvunjika ni sinki. Mnayasugua yamejaa povu, yanachoropoka, pa! Weka beseni la maji chini, au taulo. Sugua kwa sabuni ya kawaida na mswaki laini wa dukani. Dawa ya meno inayakwaruza, na mswaki wa mti, pamoja na heshima zake zote, ni wa meno ya Mungu. Maji ya moto yanayapinda. Usiku yatoe, yatie kwenye maji, fizi zipumue. Ukilala nayo kila siku kaakaa linakuwa jekundu kwa fangasi. Japani waliwafuatilia wazee zaidi ya 500, wakachapisha mwaka 2015: wanaolala na bandia walipata homa ya mapafu karibu mara mbili ya wasiolala nayo.

Wenye jino moja au mawili ya bandia, yale madogo yenye vibanio, nina neno moja tu kwenu. Kibanio kikilegea, usilale nalo na usile nalo. Yamemezwa. Na plastiki ile haionekani vizuri kwenye eksirei, daktari anatafuta asichokiona.

Maswali. Bibi pale nyuma, mwenye mtandio wa kijani.

Bibi anauliza hivi, nirudie kwa wasiosikia: marehemu mumewe ameacha seti nzima, safi, haina ufa, karibu mpya. Je, anaweza kuitumia yeye?

Hapana, bibi yangu.

Anasema amejaribu na yanamwingia.

Yanaingia, bibi, sikatai. Umekuja nayo? Haya, yavae. Sasa tuhesabie wote tusikie: sitini na sita.

(Kicheko kirefu. Bibi mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza, akayatoa, akayafunga kwenye pindo la kanga.)