Talaka ya Ruanda-Urundi

Ahsanteni. Ikitajwa habari ya koloni kugawanywa, najua wengi wenu mnawaza India ya mwaka 1947: ramani, kalamu, na mpaka kukatiza mashamba ya watu. Leo sivuki bahari. Navuka Kagera tu.

Tarehe 1 Julai 1962 Ruanda-Urundi, iliyokuwa eneo moja la udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Ubelgiji, iliamka ikiwa mataifa mawili, Rwanda na Burundi. Hakuhitajika mchora mpaka. Mto Akanyaru ulikuwepo, na kila upande ulikuwa na mwami wake, yaani mfalme, tangu kabla Mjerumani hajafika. Mbelgiji aliziteka nchi hizo mwaka 1916, akazifunga kamba moja na kuziendesha kutoka Usumbura, yaani Bujumbura, mji ambao Buyenzi yake inazungumza Kiswahili mpaka leo.

Umoja wa Mataifa ulitaka wabaki pamoja. Aprili 1962 viongozi wakaitwa Addis Ababa kubembelezwa. Lakini tazameni walikotoka. Septemba 1961 Wanyarwanda walipiga kura, ufalme ukafutwa. Mwezi huohuo UPRONA, chama cha mwanamfalme Louis Rwagasore, kikazoa viti 58 kati ya 64 Burundi, na mwami akabaki. Rwagasore mwenyewe aliuawa tarehe 13 Oktoba, hata uhuru hakuuona. Sasa huku jamhuri, kule ufalme: nani angempigia nani magoti?

Ardhi basi haikuwa taabu. Taabu ilikuwa vyombo vya ndani. Makao ya serikali, benki, bandari ya ziwani, vyote vilikuwa Usumbura. Rwanda ikaondoka na Kigali, kijimji cha watu wapatao 6,000. Ndiyo maana Addis Ababa walikubaliana kuachana huku wakishika mfuko mmoja: forodha moja, benki moja ya kutoa noti, faranga moja. Mie hiyo naiita talaka ya kulala nyumba moja.

Haikufika mbali. Desemba 1963 wakimbizi wa Kitutsi wa Rwanda wenye silaha waliingia Rwanda wakitokea Burundi. Walirudishwa nyuma, kisha Watutsi waliokuwa ndani ya Rwanda, ambao hawakushika hata panga, wakauawa kwa maelfu. Baada ya damu ile, nani angekaa meza moja kuhesabu ushuru wa kahawa? Mwaka 1964 kila nchi ikawa na benki yake na faranga yake.