Mzee wa Miaka Kumi na Tisa Aliyemkatalia Mama Chai

Haya, mnanisikia? Ngoja nipunguze hii hita, inanguruma kama mashine ya posho. Sawa.

Hamjambo watu wangu wa Kisumu, Vihiga, Kakamega, na nyinyi wa Nakuru mnaolalamika kwamba siwataji. Leo naongea nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ninayofanyia kazi hapa Salt Lake City, jimbo la Utah. Ni Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nimetoka zamu ya usiku na kioo cha mbele chote ni barafu. Kukwangua siwezi, mikono imechoka. Basi tupige gumzo mpaka iyeyuke yenyewe.

Mmeniuliza sana kuhusu wale vijana wa shati jeupe na tai wanaotembea wawili wawili kwenye jua la saa saba huko Kisumu, Migosi, Kondele, Manyatta. Mmoja wenu aliniuliza kama ni majasusi. Jasusi gani anavaa jina lake kifuani? Wale ni wamishonari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Sisi tumezoea kuwaita Wamormoni, ingawa mwaka 2018 rais wa kanisa lao wakati huo, Russell Nelson, aliomba watu waliache hilo jina. Nitajitahidi. Nikiteleza mnisamehe.

Na niseme mapema: mimi si muumini wao. Mimi ni Frenzi, yaani Mkweka, mtoto wa Maragoli, guku wangu, yaani nyanya yangu, alinilea kwenye benchi la kanisa. Sijatumwa na mtu.

Sasa. Mwezi wa saba mwaka jana Mama alinipigia kutoka Migosi, sauti imemkauka.

"Huko kwenu Utah," akasema, maana siku hizi Utah ndiyo kwetu, "watu hawafunzwi adabu?"

Ilikuwaje? Walikuja wawili, mmoja Mmarekani, mwenzake Mzimbabwe. Walibisha hodi vizuri, Mama akawakaribisha ndani. Hawakuingia. Wakasimama pale mlangoni, yule Mmarekani akauliza kama kuna mwanamume nyumbani. Jamani! Mama ni mjane. Unamuuliza mjane wa Kimaragoli kama kuna mwanamume nyumbani? Akawajibu hakuna. Wakaomba basi wakae nje, chini ya mwembe. Na kwetu anayekataa kuingia ndani ni mtu aliyekuja kudai deni.

Mama akalimeza hilo. Akaenda jikoni akapika chai, ile ya wageni, maziwa mengi na tangawizi, akaileta na viazi vitamu kwenye sinia la maua ambalo sisi watoto wake hatujawahi kuruhusiwa kuligusa. Kijana akaangalia kikombe, akawa mwekundu mpaka masikio. Akasema kwa Kiswahili chake kichanga: "Asante Mama, lakini mimi hakunywa chai."

"Nikadhani ameona nzi," Mama akaniambia. Akachungulia kikombe. Hakuna nzi. Akamletea kingine. Naye akakikataa.

Niliposikia hayo nilicheka hadi nikasimamisha gari, kwa sababu huku ninakoishi hilo jambo hata mtoto wa chekechea analijua. Wana mafundisho yanayoitwa Neno la Hekima, ya mwaka 1833: pombe hapana, tumbaku hapana, kahawa hapana, na chai hapana. Chai ya majani ndiyo iliyokatazwa, maji ya moto hayana kesi. Uji ni halali, maziwa ni halali. Mambo ya mlangoni nayo ni sheria yao: vijana wa kiume hawakai ndani ya nyumba na mwanamke peke yake, lazima awepo mwanamume mwingine mzima. Ni kuwalinda wao na kumlinda yeye. Lakini nani alimweleza Mama? Yeye aliona amekataliwa nyumba na kikombe chake siku moja.

Sisi Mafrenzi tungewaelewa upande wa busaa. Wamishonari wa Kikweka walipoingia Kaimosi mwaka 1902, nao walikuwa Wamarekani vijana watatu, na pombe na tumbaku vilikuwa vitu vya kwanza kupigwa vita. Guku alikuwa akisikia harufu ya busaa anashika pua mpaka apite boma zima. Lakini chai? Panda tu kutoka Chavakali uelekee Kaimosi uone mashamba ya chai yalivyotanda. Huko ukimwambia mtu hunywi chai atakuuliza daktari amesema una nini.

Sasa hapa ndipo mtasema naunga. Sijaunga.

Nyanya ninayemtunza, nimeomba ruhusa yake kuongea, jina nimeliacha nyumbani, ana miaka 84 na alikuwa ameshaniambia mjukuu wake yuko misheni Kenya. Sikutilia maanani. Utah kila familia ina mjukuu mahali, mara Peru, mara Ufilipino. Zamani hawa vijana walikuwa wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Nyanya ana kasha la viatu lililojaa barua za kijana wake wa miaka ya themanini. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kila wiki, ile siku yao ya kupumzika na kufua nguo, Jumatatu. Kwa hiyo kila Jumatatu kabla sijatoka zamu, huku ikiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenu saa kumi na nusu jioni, mimi ndiye nashika ile tableti kwa sababu mikono ya Nyanya inatetemeka.

Basi Jumatatu moja kijana anaeleza wiki yake, akataja Migosi. Nikaingiza uso kwenye kamera, nikamuuliza kwa Kiswahili: "Wewe ndiye uliyemkatalia mama mmoja chai chini ya mwembe?"

Alifunika uso kwa mikono miwili. Nyuma yake Mzimbabwe akaanguka kitandani kwa kicheko. Nyanya ananiuliza kuna nini, kuna nini, nami siwezi kuongea.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkalimani wa Kisumu. Nyanya akisikia mvua ya jioni inapiga mabati anadhani ni risasi, namtuliza. Na mimi nimeijua ratiba ya yule kijana kuliko ninavyoijua ya ndugu zangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi macho wazi. Mazoezi, maombi, anasoma maandiko peke yake, kisha anasoma na mwenzake, kisha nje kutembea. Saa nne na nusu usiku taa zimezimwa. Haruhusiwi kuwa mbali na mwenzake, hata kwenda dukani kununua mkate. Hana mchumba wa kutoka naye. Haruhusiwi kuogelea, na wamemweka Kisumu! Anakwenda Dunga kula samaki, anaangalia ziwa, anarudi.

Na halipwi. Hilo watu wa nyumbani mlisikie, maana wengine mnamsubiri na orodha ya karo. Yeye ndiye anayelipa. Kwa hawa wa Marekani familia inatoa dola 500 kila mwezi, zaidi ya elfu sitini za kwetu, kwa miezi 24. Aliosha magari tangu darasa la tisa akiweka akiba, na Nyanya huongezea kwenye pensheni yake. Na hakuchagua Kenya. Unaomba, barua inakuja na jina la mahali, unakwenda.

Kitu kinachonichekesha zaidi ni cheo. Kwenye kile kibandiko cheusi ameandikwa Elder, na vitabu vyao vya Kiswahili hulitafsiri neno hilo kuwa Mzee. Mzee! Ana miaka kumi na tisa, kidevu kama yai. Mama alikataa kabisa. Alimwambia, "Wazee nawajua, wanazikwa na ng'ombe. Wewe nitakuita mwanangu."

Kuhusu imani, Mama aliwapa kazi. Walimsimulia jinsi Joseph Smith, kijana wa miaka kumi na minne, alivyoingia msituni kule New York mwaka 1820 akaomba ajue kanisa lipi ni la kweli, akatokewa. Walimaliza wakangoja ashangae. Mama akasema, "Eeh. Halafu?" Nyinyi mnajua Vihiga. Zakayo Kivuli alipata maono yake hapo hapo kwetu, akaanzisha kanisa la African Israel Nineveh mwaka 1942, na kila Jumapili wanapita na ngoma na kanzu nyeupe. Kanisa la Legio Maria liko hapo, la Nomiya liko hapo. Magharibi mwa Kenya mtu kutokewa si habari mpya, tunauliza tu alitokewa upande gani wa mto.

Baba mdogo wangu mwenye wake wawili naye alisikia kwamba Brigham Young, aliyewaleta watu hawa Utah mwaka 1847, alikuwa na wake wengi kuliko chifu yeyote anayemjua. Akavaa koti, akaja mbio kubatizwa. Wakamweleza taratibu kwamba mambo hayo yaliachwa tangu 1890, na mwenye wake wawili habatizwi. Alirudi na koti lake.

Ngoja, barafu imeanza kuteleza upande huu. Bado kidogo.

Kuna jambo moja nilijiuliza muda mrefu. Nililijua kwa kusoma, na nilikuwa nalibeba kila nikiingia nyumba ile. Usiku mmoja wa Novemba Nyanya alikosa usingizi, nikampaka mafuta miguuni, nikamuuliza tu. Kabla ya 1978 kanisa lenu halikuwapa wanaume weusi ukuhani, na sisi weusi, wanaume kwa wanawake, hatukuruhusiwa kupokea ibada za hekaluni. Wewe ulikuwa mtu mzima. Ulikuwa unafikiria nini?

Alinyamaza mpaka nikadhani amelala. Halafu akasema alikuwa anapiga pasi mashati ya kanisa, Juni, redio imewashwa, ikatangazwa kwamba mambo yamebadilika. Akakaa sakafuni akalia. Nikamwambia, hicho ni kilio cha siku yenyewe, mimi nauliza zile za kabla. Akasema, "Kabla yake sikufikiria. Hilo ndilo ninaloungama."

Sikumjibu kitu. Nilimalizia mguu wa pili. Mtu anaweza kusema jibu hilo ni dogo, na mimi kuna siku naliona dogo. Lakini nimefanya kazi nyumba nyingi hapa, na ni yeye peke yake aliyewahi kunijibu swali la namna hiyo bila kujitetea. Leo wana hekalu Nairobi, lilizinduliwa Mei 2025. Zamani waumini wa Kenya walikuwa wanafunga safari mpaka Johannesburg. Mimi haliniongezei wala halinipunguzii, ila nililifikiria usiku ule.

Kinachoniuma hasa nitawaambia, kwa sababu ni nyinyi. Yule kijana anahesabu. Anajua siku aliyokuja na anajua atakayoondoka, mwezi wa nane, na tikiti yake imeshapangwa na watu wengine. Kuna wiki anapiga simu mlango haujafunguliwa hata mmoja, koo linambana, Nyanya anamsomea mstari, anajifuta pua kwa tai, kesho yake yuko barabarani tena. Kwa sababu kuna mwisho. Mimi pia nilikuja kwa miaka miwili. Mama anakumbuka, nilimwambia pale kituo cha basi, miaka miwili tu. Huu ni wa tisa.

Kwa hiyo wakipita kwako hutaki kuwasikiliza, waambie hutaki, wamezoea. Ila usiwafungulie mbwa. Na mpe uji. Mama siku hizi Alhamisi huwapikia wa wimbi, wenye ndimu, wanakaa palepale chini ya mwembe, na amemwita kijana wa jirani awe ndiye mwanamume wa nyumba. Kijana huyo anafanya kazi ya ubaba akiwa na simu mkononi, halipwi ila kwa uji.

Sasa habari ya leo asubuhi, ndiyo iliyonifanya niwashe kamera. Kila baada ya wiki sita huwa wana uhamisho, na safari hii umemwangukia: Jumatano anaenda Eldoret. Alimuaga Mama jana. Mama hakulia mbele yake, aliingia jikoni akatoka na mfuko umefungwa kwa kamba ya katani, akamwambia aubebe mpaka mwezi wa nane aniletee mimi huku.

Ameuonyesha kwenye kamera. Nimeujua kabla hajaufungua, ni kile kifuko cha kitambaa cha Guku. Kilo mbili za majani ya chai. Nyanya akavaa miwani akauliza, hiyo si ndiyo ile?

Kijana akasema ndiyo, Nyanya, lakini kubeba hakukatazwi.