Chupa ya Ng'ombe na Mbwa wa Kilo 8: Kuchagua Dawa ya Minyoo

Mabibi na mabwana, nimeombwa nieleze ni dawa ipi ya minyoo iliyo salama kwa mbwa wa nyumbani. Swali hilo huulizwa kana kwamba usalama umebandikwa kwenye jina la dawa, ilhali katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo madhara mengi niliyoyaona yalitokana na kipimo cha kukisia.

Asubuhi moja nililetewa mbwa wa kilo 8, amebebwa kwenye gunia. Mboni zilikuwa zimepanuka, udenda ulimtiririka, na kila aliposimamishwa miguu ya nyuma ilipishana kama ya mlevi. Jana yake ng'ombe wa nyumba hiyo walikuwa wamechomwa sindano ya minyoo ya ivermektini, na mwenye mbwa akaomba mnyama wake amaliziwe kilichobaki kwenye bomba, mililita moja tu. Hebu tupige hesabu. Dawa ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na mililita moja hutosha ng'ombe wa kilo 50. Kwa hiyo mbwa yule alipata zaidi ya mara sita ya kipimo ambacho ng'ombe hupewa kwa kila kilo ya uzito wake. Dawa hiyo haina dawa nyingine ya kuizima. Tulimtundikia maji, tukamgeuza ubavu usiku kucha, na siku ya nne akainua kichwa.

Wapo mbwa ambao hata kiasi kidogo kuliko hicho kingewaua. Jamii ya collie na baadhi ya mbwa wengine wa kuchunga hurithi kasoro ya jeni iitwayo MDR1, inayoiacha dawa ipenye hadi kwenye ubongo, mahali ambapo kwa kawaida huzuiwa. Kasoro hiyo imeonekana pia kwa German Shepherd weupe, na kwa kuwa mbwa wetu wengi wa ulinzi ni machotara wasiojulikana babu zao, sioni sababu ya kubahatisha kwa chupa ya ng'ombe. Levamisoli ya kunywesha mbuzi nayo naikataa, kwa sababu kwa mbwa nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru ni finyu mno.

Ninachokichagua mara nyingi ni kidonge cha mbwa chenye prazikwanteli kwa ajili ya tegu, na pairanteli kwa ajili ya minyoo mviringo na safura. Vidonge vingi vya aina hiyo vina miligramu 50 za prazikwanteli, yaani kidonge kimoja kwa kilo 10, lakini someni pakiti kwanza. Kumpima mbwa si kazi kubwa: panda kwenye mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. (Mwenye mbwa asiyebebeka atumie mzani wa mahindi.)

Watoto wa mbwa wana utaratibu wao. Mabuu ya minyoo mviringo huwaingia wakiwa bado tumboni mwa mama, na yale ya safura huwafikia kwa maziwa, hivyo kusubiri wafikishe miezi mitatu ni kuwachelewesha. Waanze wakiwa na wiki mbili, kwa pairanteli ya maji, warudiwe kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, na mama yao atibiwe pamoja nao. Prazikwanteli ingoje hadi wapite wiki nne.

Mbwa mkubwa kwa kawaida hupewa dawa kila miezi mitatu. Anayekula mapafu na maini mabichi ya machinjioni apewe prazikwanteli kila wiki sita, maana humo ndimo hutoka tegu mdogo anayewaletea watu malengelenge ya maji kwenye ini, ugonjwa unaojulikana sana Turkana. Na ukiona vipande vya tegu wa aina nyingine, kama punje za mchele, karibu na mkia, tibu viroboto siku hiyohiyo, kwa kuwa mbwa humpata tegu huyo kwa kumeza kiroboto. Bila hivyo, mwezi ujao utakuwa dukani tena ukilalamika kwamba dawa ni feki.

Baada ya dawa, minyoo mviringo huweza kutoka mizima, mingine ikijinyonganyonga. Watu hushtuka wakaongeza kidonge cha pili jioni ileile. Msiongeze. Zoeni kinyesi hicho mkifukie mbali na wanapochezea watoto, kwa sababu mayai yaliyomo huanza kuambukiza baada ya kukaa udongoni wiki mbili au zaidi.