Ukitaka kuongea siasa na mzee, muulize sukari ilipatikanaje

Haya jamani, sogeeni mbele, huko nyuma hamtasikia na maiki yenyewe ndo hii. Mada ni vijana na wazazi kwenye siasa, na najua humu wapo walioshatolewa kwenye grupu la familia la WhatsApp kwa mambo haya haya, kwahiyo tatizo silielezei.

Mimi nasema hivi. Mzee wa miaka sabini akikitetea chama mara nyingi hatetei ilani, ilani hajaisoma (na wewe hujaisoma, tusidanganyane). Anatetea ujana wake. Chukulia mtu aliyekuwa kijana 1978, Idi Amin wa Uganda kavamia Kagera, Mwalimu Nyerere yuko redioni anasema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao, vijana wa mtaani kwao wanapanda malori na wengine hawakurudi. Huyo ndo unamwambia "nyie hamna mlichoifanyia hii nchi". Lazima awake.

Halafu kuna kitu vijana hatukijui. 1991 iliundwa Tume ya Nyalali kukusanya maoni ya wananchi, tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi, na kama asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka tubaki na chama kimoja, vyama vingi vikaja 1992 hivyo hivyo. Sasa baba akikwambia "sisi vyama vingi hatukuviomba" anasema kweli, ukimkatalia hapo umeshafungwa goli la mapema.

Mzee wangu ni wale wa taarifa ya habari saa mbili usiku, nyumba nzima kimya mpaka watoto. Tukigusa siasa tu inaishia mama kusema chakula kinapoa. Siku moja nikaacha kumuuliza kwanini anaipigia CCM, nikamuuliza, baba, hivi miaka ile ya themanini sukari mlikuwa mnaipataje? Wee! Akapunguza redio mwenyewe. Akaanza na kibali cha balozi wa nyumba kumi, foleni tangu alfajiri, ukichoka unaweka jiwe lako kwenye mstari unaenda kukaa kivulini na jiwe la mtu haligusi mtu. Akaja kwenye unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, akakunja uso kama bado anautafuna. Akafika 1983 kwenye msako wa wahujumu uchumi, yaani waliotuhumiwa kuficha na kulangua bidhaa, watu wanatupa sabuni na vitenge usiku wasikutwe navyo, akacheka weee, halafu akasema mwenyewe, "pale serikali ilikosea, walikamatwa wenye viduka, wakubwa wakapona." Mimi hapo sijasema neno! Miaka yote nambana akiri kwamba chama nacho kinakosea, hataki, sukari ndo ikamtoa.

Ila isiwe mtego. Akishasema hivyo usirukie "si unaona!", utaharibu kila kitu, na kura yake hatabadilisha, wangu hajabadilisha mpaka leo na sasa namuelewa zaidi kuliko wachambuzi wengi wa kwenye tivii.

Na hii sio ya wazee wa CCM tu. Kuna mzee wa mageuzi, 1995 alikuwa kwenye lile kundi linalosukuma gari la Mrema, mgombea urais wa upinzani, kwa mikono, leo mwanae yuko UVCCM, umoja wa vijana wa CCM, na hawasalimiani vizuri. Kijana, muulize baba ile siku ya kusukuma gari ilikuwaje, walivaa nini, waliimba nini, acha kumwambia upinzani umekufa.

Pa kwenda taratibu ni kwa wazazi waliopitiwa na Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, kuanzia 1973 mpaka 1976. Wapo waliopata shule na zahanati wakashukuru, wapo waliochomewa nyumba ili wasirudi walikotoka. Hapo usiulize kama mwandishi wa habari mwenye haraka, akinyamaza na wewe nyamaza, mwombe maji ya kunywa, ongeleeni mahindi.

Dada pale dirishani umenyoosha mkono muda mrefu, karibu, na useme kwa sauti.